Safu ya Msomaji

Mume wangu alipofariki watu walisema ni kifo cha ghafla, nami nikasema hivyo hivyo kwa kila aliyekuja kunipa pole. Alianguka kwenye migomba saa tatu asubuhi, mkononi ana panga la kukatia majani makavu. Pikipiki iliyoitwa ilipofika, ilimkuta amekwisha. Ilikuwa Machi, mvua zimekolea. Kwa miezi mitano nililia kifo cha ghafla. Kwamba hakikuwa cha ghafla nilikuja kulijua kwa sababu ya kazi ya kupanga upepo kwenye safu.

Juu ya kilima chetu, hapa Murukulazo, kuna mlingoti wa chuma. Watu wa mradi waliusimika mwaka juzi wakati wa kiangazi. Juu kabisa una vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na bapa la bati linalogeuka kuonyesha upepo unatoka wapi. Chini yake kuna sanduku lenye kioo cha namba. Sanduku hilo halina kumbukumbu. Namba ikipita imepita, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuisoma na kuiandika. Walitaka kujua kama upepo wa pale unaweza kuendesha pampu ya kuvuta maji kutoka bondeni hadi kijijini. Kwa bondeni kwetu, kushuka na ndoo tupu ni rahisi. Kupanda nayo ikiwa imejaa, kichwani, mara tatu kwa siku, ndiko kunakomaliza magoti ya wanawake.

Kijiji kilichagua wasomaji wawili: mume wangu, na rafiki yake wa tangu utotoni, jirani yetu, ambaye ndiye aliyemsimamia siku ya harusi yetu. Mtaalamu wa mradi, kijana mmoja mpole, akawapa namba ili wasijisumbue kuandika majina. Mume wangu alikuwa namba moja, rafiki yake namba mbili. Walipokezana siku. Mwenye zamu alipanda alfajiri, akasoma saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi, na saa kumi na mbili jioni, kisha akashuka. Pale juu walijenga kibanda cha bati moja cha kujikinga na mvua. Mume wangu alikuwa akienda na maharage kwenye kopo na viazi viwili vitatu, na jioni akirudi mimi ndiye niliyemvua viatu.

Mtaalamu alikuwa amesema mapema, mbele ya watu wote, kwamba anahitaji mwaka mzima usio na pengo kubwa. Pengo likiwapo, itabidi kusubiri majira yale yale ya mwaka unaofuata yapimwe tena, ndipo pampu iamuliwe.

Julai mwaka ulipotimia, alileta kompyuta mpakato na kuuliza nani anaweza kuchapa. Watu wakanitazama mimi. Shule yangu iliishia kidato cha pili, lakini kabla ya kuolewa nilikaa mwaka na nusu kwenye duka la fotokopi Biharamulo mjini, nikichapa barua za watu na mitihani. Kwetu ni Nyamahanga; wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Nilikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nyumba ilikuwa kimya, na nilidhani kuchapa yale madaftari kungekuwa kama kukaa na marehemu siku moja baada ya nyingine.

Mtaalamu alinifundisha kwa nusu siku. "Mama, kila kitu na safu yake. Mstari mmoja, kipimo kimoja. Usichanganye." Safu zilikuwa sita: tarehe, saa, kasi, upande, msomaji, maelezo.

Shida ni kwamba madaftari hayakuandikwa hivyo. Wale wawili waliandika upepo kama mtu anayemwandikia ndugu yake barua. "Jumatano. Asubuhi umande, upepo mdogo 1.8 unatoka Burundi. Saa nne umeamka, 3.2, unatoka Biharamulo, kunguru wanapata tabu." Sentensi kama hiyo ilibidi niivunje. Burundi niliandika magharibi, Biharamulo mashariki, upande wa Karagwe kaskazini, wa Kakonko kusini. Saa moja asubuhi ikawa 07:00, saa kumi ikawa 16:00. Kunguru walikwenda kwenye safu ya maelezo. Mtaalamu alisema wa nini, nikasema wamo ndani ya daftari, siwezi kuwaacha.

Kazi hiyo niliifanya na rafiki yake. Alikuja kila siku baada ya kushuka kilimani, maana aliendelea kupima peke yake. Yeye alisoma, mimi nikachapa.

"Nipe nione mwenyewe," nilimwambia siku ya kwanza. "Mwandiko wenu naujua."

"Shemeji, daftari limelowa mvua, utaumiza macho bure. Wewe Msukuma chapa. Mlizaliwa na vidole vya kuhesabia ng'ombe."

"Na ninyi Wahangaza mlizaliwa na vidole vya kumenyea ndizi."

"Ndiyo maana nakuachia mashine. Haya, andika: tatu nukta sita, unatoka kwenu."

Upepo wa Biharamulo aliuita hivyo, upepo wa kwetu. Ukiwa mkali alisema mjomba wangu amekasirika. Nilicheka mara yangu ya kwanza tangu msiba, nikaona aibu kucheka, naye akajifanya hakuona. Nilimhesabu kuwa mtu mwema kuliko wote waliobaki.

Tulipofika Machi alifunga daftari. Nami nilijua tumefika wapi. Nilichapa tarehe zile nane za matanga, mistari arobaini, nikaacha kasi wazi na upande wazi na msomaji wazi. Kwenye maelezo nikaandika, "Msiba. Hakuna aliyepanda."

Huku kwetu mtu akifa majirani hawashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Anayeonekana shambani siku hizo haambiwi neno, ila watu hawatasahau. Na kupima upepo ni kazi kama kazi nyingine. Siku zote nane rafiki yake alikuwa uani kwangu. Alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi. Alipasua kuni, aliwapokea wageni wa kutoka Nyamahanga, aliwaonyesha baba zangu pa kukaa. Nilikuwa ninamwona kila nilipoinua macho.

"Unaacha wazi hivyo?" aliniuliza.

"Naacha wazi."

"Mtaalamu alisema pengo..."

"Ataliona. Ndipo palipo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Sawa, shemeji."

Tulimaliza baada ya wiki. Kompyuta ilikuwa imeisha chaji, naye akajitolea kuipeleka dukani kwenye umeme wa jua, kisha kumkabidhi mtaalamu barabarani alikokuwa akipita na gari. Nilimshukuru. Nilimfungia na mihogo ya kuchemsha ya kula njiani.

Mkutano wa kijiji uliitishwa mwezi uliofuata, kwenye darasa la shule ya msingi. Mtaalamu alikuja na karatasi zilizochapishwa, akatusifu. Alisema mwaka mzima umepimwa, hakuna siku hata moja iliyokosekana, na kwamba amekwishakwenda vijiji vingi hajaona kitu kama hicho. Wanawake wakapiga vigelegele. Aliyekaa karibu nami alinipiga begani kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika nakala yangu nikitafuta Machi.

Mistari arobaini ilikuwa imejaa.

Siku ya maziko, saa nane tulipokuwa tunashusha jeneza, upepo haukuwapo kabisa. Moshi wa kuni ulisimama wima kama kamba. Lakini karatasi ilisema saa saba mita nne nukta moja kwa sekunde, kutoka mashariki, na saa kumi tatu nukta tisa. Nilizifahamu namba zile. Nilikuwa nimezichapa kwa vidole vyangu, siku nane nyuma yake. Ile wiki na siku moja iliyotangulia msiba ilikuwa imechukuliwa nzima, ikashushwa chini, ikakaa juu ya matanga yetu. Na kwa kuwa ilichukuliwa nzima, ilikuja na safu ya msomaji. Namba mbili, namba moja, namba mbili, namba moja. Mume wangu alikuwa amepanda kilimani kesho yake baada ya kuzikwa. Alipanda tena siku mbili baadaye. Mara nne kwa jumla, na kila mara alisoma vipimo vitano bila kukosa.

 Nilikunja karatasi nikaiweka kifuani.

Asubuhi nilimkuta shambani kwake akipalilia maharage, maana siku hiyo alikuwa amemtuma nduguye kilimani. Shamba lilikuwa na magugu mengi. Niliona hivyo nikakumbuka kwamba mkewe aliwahi kuniuliza, Februari, kwa nini mumewe siku hizi hana siku ya kulima. Nilimjibu sijui, na kweli sikujua.

"Ulijaza," nilisema.

Hakujifanya haelewi. Aliegemea jembe. "Nilijaza."

"Uliniambia sawa."

"Nilisema sawa kwa sababu ulikuwa unalia, shemeji. Sasa sikiliza. Upepo ulivuma siku zile au haukuvuma? Kuna upepo unaoacha kuvuma kwa sababu kwenu kuna msiba? Ulivuma. Hatukuuandika tu. Kijana wa dukani alinionyesha kunakili, nimeweka wa wiki iliyotangulia, tofauti yake ni ndogo."

"Siku ya maziko haukuvuma."

"Kwa siku moja! Unataka mama zetu wabebe ndoo mpaka Machi nyingine kwa siku moja? Waambie basi. Simama mkutanoni, waambie wewe."

"Umempandisha kilimani," nilisema. "Mwenzako. Ulikuwa umetoka kumfukia, ukampandisha kilimani."

Hapo ndipo alipoduwaa. Nilimtolea karatasi, nikamwonyesha ile safu. Alifuata kwa kidole kilichojaa udongo, moja, mbili, moja, na nikaona kwamba hakuwa ameliona. Alishusha mistari bila kutazama imebeba nini.

"Hilo nitalirekebisha," alisema. "Nitaweka mbili zote. Ni wiki iliyotangulia ndiyo ilikuwa na yeye, nimeichukua kama ilivyo."

"Wiki iliyotangulia alipanda. Hiyo usiiguse."

Akasema, taratibu, akiwa bado anatazama karatasi, "Hata hiyo wiki yenyewe hakupanda."

Nadhani alilitamka kabla hajalipima. Aliinua uso akanitazama, na kama kungekuwa na namna ya kulirudisha angelirudisha.

Niliuliza alikuwa wapi basi. Alikaa chini kwenye tuta. Akaniambia kwamba tangu Januari mume wangu hakuweza kupanda. Akifika kwenye mikaratusi, pale njia inapoanza kusimama, kifua kilimbana, akawa anashika mti na kuhema kama mtu aliyekabwa. Siku ya kwanza walidhani ni baridi. Baada ya wiki walijua si baridi. Wakakubaliana kwamba rafiki atapanda siku zote, zake na za mwenzake, na mume wangu atakaa chini kwenye mikaratusi mpaka jioni ili nyumbani asionekane. Kwenye daftari aliendelea kumwandikia zamu zake, namba moja, kama kawaida.

"Miezi miwili," nilisema.

"Miwili na siku kidogo."

"Kila jioni alikuja nikamvua viatu."

"Aliniapisha, shemeji. Alisema ukijua utaacha kila kitu umpeleke hospitali Mwanza. Alisema mvua zikiisha atakwenda mwenyewe."

"Na wewe ukakubali."

"Alikuwa rafiki yangu."

"Na mimi nilikuwa nani?"

 Mkewe alitokea mlangoni akatukaribisha uji, akaona sura zetu, akarudi ndani.

Nilimwambia alete madaftari. Aliyaleta bila kubisha. Nyumbani niliyafungua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hayakuwa yamelowa. Kurasa mbili tatu zilikuwa na madoa, basi. Mume wangu aliandika nne iliyo wazi juu, kama kiti kilichogeuzwa. Rafiki yake aliifunga. Mpaka katikati ya Januari, siku za namba moja zina nne za wazi, na maneno yake ninayoyajua, umande, kunguru, "leo upepo umekataa." Baadaye nne zote zimefungwa. Kunguru wanatoweka. Hakuna tena neno lolote pembeni ya namba, kwa sababu mtu aliyekuwa akiandika zamu za watu wawili hakuwa na nafasi ya kutazama ndege. Hayo yote niliyachapa mimi, na sikuyaona, kwa sababu nilikuwa nikiyasikia kwa sauti ya mtu mwingine.

Nilikumbuka na viatu. Kule juu udongo ni changarawe nyeupe. Vile viatu vilivyokuja Februari vilikuwa na tope jekundu la chini. Nilikuwa nikilikwangua kwa kijiti kila jioni. Siwezi kusema nilidanganywa kwa ustadi. Nilikuwa na tope mkononi na sikulitazama.

Siku tatu sikwenda popote. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa rafiki yake, kwa kuwa yu hai na anaweza kukasirikiwa. Baadaye ilihamia kwa marehemu, na hiyo ni ngumu zaidi kuibeba. Nilikuwa nimemlilia mtu aliyeondoka bila kujua kwamba anaondoka. Kumbe alijua, au alikaribia kujua, akanifungia mlango, akamfungulia mwenzake. Nililala kitanda kimoja na kifua kile miezi miwili. Mtu akinipa pole sasa, sijui ananipa pole ya kifo kipi.

Halafu kulikuwa na lile la maji. Kama ningenyamaza, pampu ingekuja. Nililifikiria kwa kweli, sitasema sikulifikiria. Lakini jina langu lilikuwa chini ya karatasi: imechapwa na kuhakikiwa na, kisha jina. Nilihakiki nini? Na pampu iliyosimikwa kwa upepo wa kubuni ikikataa kuzunguka Machi, tutamwambia nani?

Nilipanda gari dogo hadi Biharamulo, kwenye ofisi ya mradi, na madaftari kwenye mfuko wa sandarusi. Mtaalamu alinyanyuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuharibia kazi."

Nilimweleza yote, la mistari arobaini na la namba moja. Alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Kuhusu Machi alisema itabidi ifutwe na isubiriwe. Kuhusu Januari na Februari alisema, "Mama, hizo si tatizo. Upepo ulipimwa kweli, nani kaupima haibadilishi hesabu. Tunaweza kuziacha."

"Zinabadilisha safu ya msomaji."

"Safu hiyo hakuna anayeitumia."

"Kwa nini basi uliiweka?"

Alinipisha kiti. Alitaka kunionyesha namna ya kubadilisha zote kwa mara moja, unashika ya juu, unavuta hadi chini. Nilimwambia aniache. Nilifuta moja, nikaandika mbili, nikashuka mstari mmoja. Nikafuta moja, nikaandika mbili. Ilichukua mchana mzima. Nilipofika Machi nikaondoa vipimo vyote arobaini na nikarudisha maneno yangu, msiba, hakuna aliyepanda. Mume wangu akabaki na miezi sita na nusu ya upepo. Hiyo alipima kweli.

Habari ilifika kijijini kabla yangu. Bondeni wanawake waliacha kuzungumza nilipofika. Mmoja, yule aliyenipiga begani mkutanoni, alisema bila kunitazama, "Msubirini mama mkweli achote kwanza. Yeye magoti yake ni ya chuma." Wengine wakacheka. Nilichota, nikajitwisha, nikapanda. Hawajakosea kukasirika. Siku hiyo magoti yaliniuma kuliko kawaida.

Rafiki yake aliendelea na kazi. Mtaalamu alisema hana mwingine anayeijua vizuri. Alikuja nyumbani mara moja tu, asubuhi, akishuka baada ya kipimo cha saa moja, kuchukua daftari jipya lililoletwa. Alisimama nje ya mlango. Sikumkaribisha kuketi.

"Umeandika mbili zote?"

"Ulikopanda wewe, nimekuandika wewe."

"Umemwondoa kabisa."

"Hakuwepo."

Aligeuzageuza lile daftari. "Shemeji, nikuulize. Kama angekuapisha wewe, kama alivyoniapisha mimi, ungesema?"

"Ningesema."

"Hata kama angekasirika?"

"Angekasirika akiwa hai."

 Aliliweka daftari ndani ya koti, akafunga vifungo, akaondoka kwa hatua ndefu, maana saa nne ilikuwa karibu na bado hajafika hata kwenye mikaratusi.